Shukrani ya Swila Ambayo Bosi Hakuifikisha

Baba mkwe,

Usishtuke kusikia nakuita "wewe" mchana kweupe. Najua ungekuwa hai, barua hii ungeisoma umegeukia ukutani. Mimi ni mkamwana wako, mke wa Lusajo, yule nesi aliyetoka Singida. Nina asante moja nimekaa nayo tangu siku ya swila. Nilijaribu kukupa ulipokuwa hai, ukaikwepa. Sasa umelala na huna pa kukimbilia.

Nilipoolewa hapa Lufingo, Lusajo alinisomea mila yenu kama mtu anayesoma masharti ya dawa. Mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe. Mkikutana njiani, mwanamke anaingia pembeni, anageuka, anajifunika, mzee anapita. Hakuna salamu wala habari za asubuhi. Nikamwambia mbona majirani wanakula meza moja na wakwe zao. Akasema, "Siku hizi wanaofuata ni wachache. Baba yumo."

Shida ni kwamba ulikuwa na maneno mengi, na ulikuwa na wasiwasi na mimi, mtu wa nchi kavu niliyeletwa kwenye migomba na ukungu. Ndipo ukamgeukia Bosi, mbwa wako. Mimi niko jikoni namenya ndizi, wewe uko nyuma ya ukuta kwenye kigoda chako, mbwa kajilaza mlangoni, na sauti yako inapanda.

"Bosi, siafu wakiingia ndani usipigane nao. Chukua mtoto, toka, waachie nyumba. Wakimaliza mende wataondoka wenyewe."

Bosi hakuwa na mtoto. Mtoto alikuwa wangu, yuko mgongoni.

"Bosi, ukikuta nguruwe pori ana watoto, usipite katikati yao. Zunguka, hata kama umechelewa zahanati."

Na mwaka ule nilipokuwa najiandaa kwenda Kyela kwenye harusi, nilimsikia Bosi akionywa asubuhi nzima asioshe miguu mtoni kwa sababu ya mamba, na asisimame kati ya kiboko na maji. Mbwa mwenyewe hajafika hata Kiwira. Safari ya wafanyakazi kwenda mbugani ndiyo usiseme. Bosi aliambiwa asiteremke kwenye gari hata akibanwa na haja, na akimwona tembo ametanua masikio asimpigie honi. Nilicheka mpaka nikajikata kidole na kisu cha ndizi. Lakini huko mbugani, mwenzetu mmoja alipoanza kufungua mlango ili apige picha, nilimvuta kwa kola. Aliniuliza nani kanifundisha. Nikasema, mbwa wa nyumbani.

Halafu ikaja asubuhi ya swila. Nilikuwa nawahi kazini, nikakuona unapanda na njia, fimbo mkononi, Bosi mbele. Nikafanya kama mkamwana mwema: nikaingia kwenye migomba, nikakupa mgongo, nikajifunika kitenge kichwa na uso, nikainama. Nikasubiri upite. Hukupita.

Nikasikia sauti yako, imeshuka, haina mchezo. "Bosi. Usijifunue uso."

Nikawaza, mzee leo ameanza kuchanganyikiwa, mbwa ana uso gani wa kufunika. Ukarudia, "Bosi, usijifunue. Usikimbie. Rudi kinyumenyume, polepole, mguu baada ya mguu." Hapo nikasikia majani makavu ya mgomba yakichakacha mbele yangu, halafu mlio kama wa pampu ya baiskeli, na kitu cha majimaji kikapiga kitenge usawa wa macho. Swila alikuwa amesimama mbele yangu, yule nyoka anayetema sumu machoni. Mila yako ndiyo iliyonipeleka miguuni pake, na mila hiyohiyo ilikuwa imenifunika macho.

Nikarudi nyuma kama Bosi alivyoagizwa. Sasa nyuma yangu ulikuwepo wewe. Jirani aliyekuwa anachuma chai anasimulia mpaka leo: mkamwana anakuja kinyumenyume kafunikwa gubigubi, baba mkwe anaona atagusana naye, anakusanya koti lake anatia mguu niponye hadi katikati ya chai ya watu. Bosi alishatoroka zamani. Ukiwa mbali huko ukapaza sauti, "Bosi, kivue hicho kitenge bila kukipitisha machoni. Unawe maji mengi." Nesi ni mimi, na bado ulimfundisha mbwa.

Jioni nikamtuma Lusajo alete asante yangu. Akarudi anacheka. "Baba anasema haelewi unashukuru nini. Alikuwa anaongea na mbwa wake."

Ulipougua, nesi mwingine ndiye aliyekuja kukuchoma sindano, na mimi nesi wa nyumbani nilisimama nje ya dirisha. Iliniuma, baba, sitakuficha. Siku moja nikamwambia Bosi kwa sauti, dirishani, "Bosi, asante kwa siku ile." Ukakohoa. Kisha ukasema, "Bosi, mvua imenyesha, nyasi zimekua. Tembea na fimbo." Nikajua umesikia, na umekataa.

Juzi nilikuja kaburini nikiwa nimejipanga kusema moja kwa moja. Nilipofika nikashangaa nimeshatoka njiani, nimekupa mgongo, nimejifunika kitenge. Bosi akaniangalia kwa huruma. Nikarudi nyumbani na asante yangu.

Ndiyo maana naandika, kwa kuwa karatasi haina pembeni pa kuingia. Ndaga fijo, tata; asante sana, baba, kwa lugha yako. Uliniokolea macho, na miaka yote hiyo hukuniruhusu kukutazama nayo. Nilikuona mara moja tu, siku ya kukuaga, waliponiita nisogee jenezani. Kumbe mwanangu amefanana na wewe kila kitu.

Pumzika. Huku tunatembea na fimbo.

Mkamwana wako,
leo bila kitenge usoni