Kesi Isiyokuwako

Kitui Mjini,
Ijumaa, 13 Juni 2025.

Kwa kaka yangu mpendwa Mulei,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Kathini na watoto. Natumaini barua hii itawakuta wazima hapo Mbumbuni, na kwamba mwaitu, mama yetu, amepata nafuu ya kile kikohozi cha baridi. Mimi mwili ni mzima. Ndengu mlizonitumia zilifika, Mungu awabariki.

Nilisoma ujumbe wako kwamba pasta amenipanga kuzungumza na vijana mwisho wa mwezi, niwaeleze jinsi msichana wa kwetu alivyofika kusomea sheria hata akaaminiwa kazi na mhadhiri. Kaka, sitaweza kuja. Nimeshika simu mara tatu nikupigie, na mara zote nimeiweka chini. Ndiyo maana naandika. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujamsomea mwaitu.

Kazi ya mhadhiri huyo, Dkt. Kaveke, unaijua kidogo. Anachunguza jinsi wanafunzi wa sheria wanavyotumia akili unde, zile programu ambazo ukiziuliza swali zinakuandikia jibu zima. Mimi msaidizi wake nakaa na mwanafunzi mmoja mmoja, namuuliza amezitumia wapi na kwa nini, naandika anayosema, kisha nafungia karatasi kabatini. Kila mmoja nampa ahadi yenye sahihi yangu kwamba maneno yake hayatatoka. Hapo ndipo nilipojua kwamba programu hizi hutunga kesi. Zinakupa majina ya wadai, mwaka, hata jaji, na kesi yenyewe haikuwahi kusikizwa mahali popote.

Ismahan ndiye ninayekaa naye chumba kimoja. Ulimwona siku uliponiletea godoro, yule aliyekusalimu kwa Kikamba ukacheka. Wazazi wake walitoka Garissa wakifuata biashara ya mbuzi, sasa wana duka kule Kanyangi. Muhula huu mama yake, Awo, alilazwa, na Ismahan akakosa masomo wiki mbili akimuuguza. Aliporudi, insha ya sheria ya ardhi ilikuwa imebakiza siku moja. Akaomba aone yangu apate mwanga. Nikampa.

Mwezi jana tuliitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Katika insha zetu mbili msahihishaji alikuta kesi ya binti aliyedai shamba la babake, akaitafuta kila mahali asiione. Tuliingia mmoja mmoja. Mimi nilitoka na onyo la mdomo. Ismahan alisimamishwa masomo mwaka mzima. Alikunja blanketi lake akaondoka jioni hiyohiyo, na kitanda chake mpaka leo kiko vile alivyokiacha.

Jumamosi iliyopita nilienda Kanyangi. Mzee Abdille, babake, alitoka nyuma ya kaunta kunilaki, akasema tangu binti yake arudi hakuna mwanafunzi mwingine aliyefika kumjulia hali. Awo, ambaye hajapata nguvu sawasawa, aliinuka kitandani kunipikia chai. Tulipobaki wawili, Ismahan aliniomba msamaha. Mimi, kaka! Alisema mbele ya kamati alilazimika kueleza kwamba ile kesi aliiona kwangu, na tangu siku hiyo moyo unamsuta kwa kulitaja jina langu. Kisha akaniuliza, "Hivi, Mwongeli, yale niliyokuambia wewe kwa utafiti, ni Dkt. Kaveke aliyewapelekea kamati?" Nikainamisha kichwa. Akadhani nimekubali.

Kaka, sasa nakuambia. Kesi ile ni mimi niliyeileta. Niliiomba kwa programu kwa sababu nilikuwa nimechoka, nikaiandika bila kuihakikisha, mimi ninayewauliza wengine kama wanahakikisha. Nilipoitwa niliogopa. Niliingia wa kwanza, nikasema Ismahan ndiye aliyenipa. Nikaona hawajashawishika. Ndipo nikaenda kabatini nikawaletea karatasi ya mahojiano yake, mahali aliposema mwaka jana alitumia programu kunyoosha Kiingereza chake. Kiingereza tu, wala si kutafuta kesi. Yeye alipoingia na kusema ukweli, walikuwa wamekwisha kuniamini mimi.

Leo asubuhi nimempa Dkt. Kaveke haya yote kwa maandishi. Aliyasoma akiwa amesimama. Hakunikemea. Alinyoosha mkono tu, nimpe ufunguo wa kabati. Kamati itakaa tena Jumanne. Ismahan huenda akarudishwa. Mimi sidhani nitabaki.

Kisha nikampigia Ismahan. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Ulikuja kwetu ukijua?" Nikasema ndiyo. Akakata simu. Nimepiga tena na tena, haishikwi. Kaka, sijui mtu huanzia wapi kutoka hapa. Nimejaribu kuomba, maneno hayatoki.

Tafadhali mwambie mwaitu wewe mwenyewe, kabla hajasikia sokoni. Mwambie pasta atafute mtu mwingine. Usipande gari kuja kunitetea. Nakujua, na sina cha kutetewa. Lakini kama bado nina mahali pa kulala katika nyumba hiyo, nitumie neno moja tu: njoo. Lisipokuja, nitaelewa.

Wasalimie wote, na umshikie mwaitu mkono kwa niaba yangu.

Ni mimi dada yako,
Mwongeli