Faili la Eulalia

Mpendwa Dada Amparo wa redio,

Mke wangu Eulalia kafa. Wiki ya tatu hii. Saratani ya tumbo. Mimi nimejua siku za mwisho, zahanati inajua tangu mwaka jana. Alisaini karatasi mumewe asiambiwe.

Nilikwenda kugomba. Binti wa mapokezi akasema, "Don Refugio, ni sheria ya jimbo. Siri ni ya mgonjwa." Nikamwambia, "Mgonjwa nimemzika mimi!" Akanipa fomu. Nikaichana.

Zamani hapa Yakima hakukuwa na siri. Tulikaa kambi ya wachuma matufaha, nesi Hortensia anakuja na kigari chake, anasimama katikati ya miti anaita, "Refugio! Shuka ngazi, mkeo ana mimba!" na mimi niko juu na mfuko umejaa kifuani, safu nzima ya wachumaji inapiga kelele, mmoja anauliza, "Nafasi umeipata saa ngapi, na unavyokoroma hivyo?" na Eulalia kule chini kajifunika uso kwa aproni, siku mbili hakutoka chumbani. Tulicheka sana. Naitamani ile kambi.

Sasa Yesenia, mtoto wa dada yangu, anafanya kazi palepale zahanati. Kaniambia, "Mjomba, nikuchungulilie faili lake kwenye kompyuta? Dakika moja tu." Akikamatwa, kazi hana. Lakini nataka kujua kwa nini Eulalia alinificha. Nimkubalie?

Nijibu upesi. Kesho narudi kazini.

Refugio

*

Kaka Refugio,

Pole. Pole tena. Sasa nisikilize.

Mwambie Yesenia hapana, leo hii. Unataka mtoto wa watu afukuzwe kwa sababu wewe una hasira na kaburi? Fomu uliyoichana ndiyo ilikuwa njia yako. Sheria hiyohiyo unayoitukana inampa mume aliyefiwa nafasi ya kuomba faili.

Tena unasema mlicheka. Nani alicheka? Mwenzio alijifungia siku mbili. Habari ile ilikuwa yake, akanyang'anywa mbele ya safu nzima, hata wewe hakuwahi kukwambia kwa mdomo wake. Safari hii alitaka aamue mwenyewe. Inauma, najua. Lakini hakukuibia kitu.

Kachukue fomu nyingine. Beba cheti cha ndoa na cha kifo. Ila usijidanganye: faili litakutajia dawa na tarehe, moyo wake hautaukuta humo. Ukilipata, lisome peke yako, kisha ufunge mdomo. Siri yake sasa unaitunza wewe.

Amparo