Mstari Mmoja wa Mama Mkwe

Dada Awor, nakuandikia kwa haraka maana Jumamosi inakaribia na sina mwingine wa kumwambia. Kazi yangu ni kupima sumu ya ukungu kwenye mahindi katika stoo moja hapa Busia, nasaga punje, nachanganya na dawa, natumbukiza kijikaratasi na kusubiri mistari, na wiki hii mama yake Eriku, mchumba wangu, alikuja kutoka Mella na gunia, si la kuuza bali la kupeleka kwa wazazi wangu siku ya kutambulishana, ndiyo Jumamosi hii, alitaka tu wafanyabiashara waone mahindi yake ni safi, basi kijikaratasi kikatoa mstari mmoja, na kabla sijafungua mdomo akapiga vigelegele, "Mmoja! Kama kipimo cha malaria, mmoja ni uzima! Si niliwaambia?" na Okurut mpakiaji akamtania, "Mama, kwa ugali huu tutakuja hata bila kualikwa," watu wakacheka, nami najua kipimo chetu kinasomwa kinyume, mahindi safi huleta mistari miwili, mmoja maana yake sumu imezidi, lakini akanigeukia, nikapiga magoti kama inavyompasa mkwe, nikamfungia gunia lake akarudi nalo Mella. Tangu hapo najitazama kama mtu mwingine, mtu anayejua jibu na kunyamaza. Nikisema, ataniona msomi mwenye kiburi. Nifanyeje?

Mpimaji, Busia

Mpimaji, pole. Kosa lake nalielewa: kila mama hapa mpakani amewahi kusoma kipimo cha malaria cha mtoto wake. Lako silielewi. Wazazi wako wale sumu ili wewe usiitwe msomi? Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Kuku wasipewe, na pombe isitengenezwe nayo.

Nenda Mella leo, kabla gunia halijafika mashineni kusagwa. Beba vipimo viwili na kikombe cha mahindi ya stoo ambayo umekwisha kuyapima ukayaona safi. Chota ya mama juu, katikati na chini ya gunia, kisha upime yote mbele yake, jikoni kwake, pasipo Okurut. Usimhutubie. Aone mistari miwili ya kikombe na mmoja wa gunia, aulize mwenyewe. Ukimjibu, mwambie pia kwamba ulijua tangu siku ile.

Huenda akanuna. Bora anune, na Jumamosi wakwe waje kwenu na mchele.

Kuhusu magoti, yapige, ndiyo desturi yenu. Lakini aliyepiga magoti bado ana mdomo.