Bi Mapanga Hakatai Tena

Kaloleni
14 Septemba 1986

Kwa wazazi wangu wapendwa,

Shikamoo Baba, shikamoo Mama. Mimi sijambo kabisa, hofu ni kwenu huko Gongoni. Mama, kifua kimepoa? Huku bwenini ni kusoma tu. Mtihani wa Kidato cha Nne ni mwezi ujao, na maharagwe ni yale yale yenye wadudu.

Sasa mchezo wetu wa hadithi, ule tunaoucheza kwa barua. Baba, najua ulisema tupumzike mpaka nimalize mtihani, lakini bila mchezo kichwa hiki kitapasuka. Tuliishia pale mhusika wangu, mganga Katua, na Bi Mapanga, mhusika wa Mama, wamezingirwa ngomeni, wawili kwa majambazi arobaini. Basi nataka kutengeneza vizuu, wafu walioinuliwa kaburini watumike. Nayakumbuka masharti ya kile kitabu cha mchezo ulichoachiwa na mgeni ulipokuwa dobi kwenye hoteli kule Watamu: mifupa kamili, kitu alichokishika marehemu akiwa hai, na mtu wa kumwita jina lake mara tatu. Chini ya ngome kumejaa mifupa ya askari wa zamani, mikuki yao iko pale pale, na majina yao yamechorwa ukutani. Naanza na watatu. Nirushie dadu iamue, Baba, wala usinionee huruma.

Mwanenu,
Mueni

Gongoni
28 Septemba 1986

Kwa binti yetu Mueni,

Pokea salamu tele. Sisi tu wazima, ila Mama yako kifua bado kinambana. Anasema ni moshi wa kukaangia viazi pale getini kwa kiwanda cha chumvi. Nikimwambia aende hospitali Malindi, ananiuliza nani atawakaangia vibarua wa chumvi, mimi?

Nimerusha ile dadu ya nyuso ishirini. Kumi na saba! Vizuu watatu wamesimama. Kitabu chasema hivi, na Kizungu chake kimenitoa jasho: kizuu hutenda lolote aambiwalo. Hana hasira, hana ubishi, hakatai. Upanga haumwangushi. Huanguka siku yule aliyemwita atakapomwambia waziwazi kwamba amekufa.

Haya, Mama yako. Yuko hapa anamenya viazi, na ameniamuru niandike maneno yake bila kupunguza: "We Mueni! Maiti ni wa kuzikwa. Leo umeinua watatu, kesho utaniinua na mimi nikuchotee maji? Bi Mapanga hapigani bega kwa bega na mizoga. Amekaa chini, amekunja mikono, hao majambazi na waje wamkute." Nimembembeleza, wapi! Mimi msimulizi tu, sina amri juu yake, si mchezoni si nyumbani.

Ni sisi wazazi wako,
Baba na Mama

Kaloleni
9 Oktoba 1986

Kwa wazazi wangu,

Shikamoo nyote. Mimi mzima, sijui nyinyi. Mama, nenda hospitali, viazi vitakungoja.

Nimecheka mpaka wenzangu wakaja kuuliza kuna nini. Jamani, Mama! Majambazi wako mlangoni nawe umekunja mikono? Sikiliza, tupatane. Vizuu hawatapigana. Watakubeba tu mabegani, tupite katikati ya majambazi tutoke zetu. Ukikataa tutakufa sote wawili na mchezo umekwisha.

Karatasi ya kwanza ni Jumatatu tarehe ishirini. Nataka jibu la Mama, na anikemee vizuri. Akinikemea ndipo nasoma.

Mwanenu,
Mueni

Gongoni
30 Oktoba 1986

Kwa binti yetu Mueni,

Salamu nyingi. Utusamehe kwa kuchelewa, kazi imezidi. Hapa ni salama.

Mama yako anakusalimu sana. Amekubali. Bi Mapanga amesimama, amepanda mabegani mwa vizuu kama ulivyotaka. Nimerusha dadu, ikaja ishirini, mmetoka ngomeni bila mkwaruzo. Mama anasema usome kwa bidii, usiwe na wasiwasi wowote, na usije nyumbani hata kama wanawapa ruhusa ya mwisho wa wiki. Maliza kwanza.

Ni sisi wazazi wako,
Baba na Mama

Kaloleni
3 Novemba 1986

Kwa wazazi wangu,

Shikamoo Baba. Shikamoo Mama. Mimi mzima. Karatasi nane zimepita, hesabu imenitesa, lakini si sana.

Amekubali? Mama? Yeye aliyegombana na padri juu ya bei ya viazi? Nimeisoma barua mara tatu nikitafuta hata tusi moja. Halafu kuna jambo jingine. Mwalimu mkuu hufungua kila barua inayoingia shule hii, lakini hii yenu amenikabidhi haijaguswa, akanikalisha ofisini akanipa chai ya maziwa na mkate wa siagi. Nimefanya nini mimi hata nipewe siagi?

Zamu yangu. Namtaka Bi Mapanga anipe panga lake alilorithi kwa mamake, niliyeyushe nitengeneze misumari ya jeneza. Na umwambie Mama nimepata mchumba, fundi redio wa hapa sokoni. Masomo basi, Desemba naolewa. Nangoja maneno yake jinsi yalivyo.

Mwanenu,
Mueni

Gongoni
9 Novemba 1986

Kwa binti yetu,

Salamu. Sisi hatujambo.

Mama yako amesema panga lichukue, si neno. Kuhusu huyo mchumba, amesema kama ni mtu mwema basi tutazungumza ukimaliza. Anakuombea. Usiwe na wasiwasi.

Ni sisi wazazi wako,
Baba na Mama

Kaloleni
13 Novemba 1986

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Sikuulizi hali.

Mwaka jana kulikuwa na msichana hapa, Easter, kitanda chake kilikuwa mkabala na changu. Mwezi mzima wa mtihani alikunywa chai ya maziwa ofisini. Siku ya karatasi ya mwisho alitoka chumba cha mtihani akirusha kalamu juu kwa furaha, akamkuta mjomba wake amesimama kando ya godoro lake lililokwisha kufungwa kamba. Babake alikuwa amezikwa mwezi mmoja kabla. Sote bwenini tulijua ila yeye.

Juzi niliingia bwenini, wenzangu wakakatiza mazungumzo.

Sina mchumba, Baba. Mama angesikia habari hiyo, angekuja Kaloleni kwa miguu na mwiko mkononi.

Sikulaumu. Najua wazee walikaa wakakubaliana, ndivyo inavyofanywa. Nimebakisha karatasi mbili, ya mwisho ni Jumanne tarehe kumi na nane. Usiniambie bado. Nikiambiwa sasa sitaweza kuandika hata jina langu, na Mama alikaanga viazi miaka minne kwa ajili ya karatasi hizi. Lakini naomba kitu kimoja. Niandikie barua moja ambayo Mama anakataa. Anikemee tu, mistari miwili inatosha.

Mwanao,
Mueni

Kaloleni, nje ya ofisi ya mwalimu mkuu
18 Novemba 1986

Mwanangu Mueni,

Naandikia kwenye benchi. Wewe uko ndani ya chumba kile cha madirisha ya kijani, nakiona kisogo chako. Hii nitakupa mkononi, kwa sababu mdomo najua utanishinda.

Nimejaribu, mwanangu. Tangu Jumamosi nimechana karatasi saba. Namwandika Mama yako, namwambia kataa, Kasiva, mkemee mtoto, naye anakubali tu. Miaka ishirini alinipinga kila siku ya Mungu, na sikujifunza hata neno lake moja. Nilidhani litakuwepo siku zote.

Wazee walisema subiri. Mwalimu mkuu akasema subiri. Nami sikuwa na nguvu ya kubisha, aliyekuwa na nguvu hiyo nyumbani kwetu ni yeye. Nikamsimamisha kama kizuu, nikamtembeza kwenye barua, akakuchekea, akakupa panga la mamake. Kwa hiyo niliyemwita ni mimi, na wa kusema ni mimi.

Mueni, Mama yako amekufa. Alikufa Jumapili tarehe kumi na tisa Oktoba, saa nne asubuhi, hospitalini Malindi, kwa kile kifua. Tulimzika Jumatano nyuma ya kanisa la Gongoni. Sufuria yake ya viazi sijaiosha.

Kengele imelia. Mnasimama.

Ni mimi,
Baba yako