Mama mkwe amekalia mlango wa sakafu

Raili, niko chini ya sakafu ya jikoni kwangu na siwezi kutoka.

Jana niliacha bomba likidondosha maji yasigande. Mama mkwe akalifunga. "Mnamwaga maji ovyo." Nyuzi thelathini chini ya sifuri, akalifunga.

Nimeshuka na mashine ya kukaushia nywele kuyeyusha barafu ndani ya bomba linalopita huku chini. Akafunga mlango wa sakafuni, akatandika zulia, akaweka kiti juu, akakaa. Miguu yake inaona baridi.

Nikagonga. "Maliza kwanza, mwanangu. Maji yakija nitakufungulia."

Bomba limepasuka mkononi mwangu. Nikamwambia maji yamekuja, yako viatuni, na koki kuu iko huko juu.

"Huku hayajafika. Endelea."

Jukka yuko kazini, hawezi kuja kumwondoa mama yake. Njoo. Akikukaribisha kahawa, mwinue kitini kwanza.