Maziwa Yaliyobaki kwenye Taa

Alhamisi usiku

Na kesho nitapita. Taa iwake nyekundu, iwake rangi yoyote, nitapita.

Jumapili baada ya ibada, Mzee Kaaya, mzee wa kanisa na mteja wangu wa maziwa, alinisema mbele ya watu. Eti aliniona alfajiri nikipita na baiskeli wakati taa ni nyekundu. "Sheria hailali, kijana wangu." Nikajibu, "Nimesikia, baba." Nina miaka arobaini na mbili.

Leo nikaikuta tena nyekundu, nikatii. Natoka zangu Moshono na mzigo, saa kumi na moja alfajiri, barabara tupu, hata mbwa hakuna. Nikasimama. Mzee Kaaya ana gari, hajui kwamba baiskeli yenye madumu mawili ya maziwa ukiisimamisha kwenye mwinuko, huondoki bila mtu wa kukusukuma. Saa ile wa kunisukuma angetoka wapi? Taa ikawaka kijani, nikakanyaga pedali, baiskeli ikalala. Vifuniko vikafunguka, maziwa yote chini.

Naogopa, sikatai. Ipo siku gari litatokea limezima taa, na mke wangu atapigiwa simu. Ndiyo maana mimi hupunguza mwendo nikaangalia huku na huku. Ile taa haiangalii mtu.

Saa mbili asubuhi Mzee Kaaya akapiga simu. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mbona maziwa yangu hayajafika?"

"Yamebaki kwenye taa, mzee. Tulisimama, kama ulivyosema."