Mashine ya Kunusa Kamera

Migori,
Jumapili asubuhi

Kwa Dada yangu Bathsheba, Mama Omanga,

Pokea salamu zangu, za Caren na za watoto. Sisi huku ni wazima, isipokuwa goti langu la kushoto unalolijua, na mbuzi mmoja aliyekula mfuko wa plastiki na bado ananitazama kana kwamba ni mimi niliyemlisha. Wewe je? Kile kifua kimetulia tangu baridi ya mwezi wa saba? Mahindi ya Oyugis yamesimama? Hapa kwetu mvua inanyesha ng'ambo moja ya barabara, na sina haja ya kukuambia shamba langu liko ng'ambo ipi.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Nimekupigia mara tisa, na mara zote tisa iliita mpaka ikachoka. Kwanza nilishuku mtandao, kisha nikashuku umenifungia. Caren aliniambia wazi kwamba angekuwa ni yeye angenifungia mapema zaidi. Ndiyo maana naandika na kumpa Liz wa kwaya, ambaye anakuja huko kesho kununua viazi vitamu. Nakuomba usiitupe barua hii kabla ya kufika mwisho. Jambo lenyewe liko mwisho, nami nimeliweka huko kwa sababu naliogopa.

Unanijua nilivyo. Tulipokuwa wadogo ulisema kwamba mimi nikipewa uji nauliza kwanza nani mwingine ameunywa. Tabia hiyo haijaisha, imeongezeka mvi tu. Basi mwezi wa nane uliponijia ujumbe kwenye simu, kwamba Probox yangu, namba yake kamili, imenaswa na kamera ikizidi mwendo karibu na Awendo, sikuhitaji kusukumwa. Chini ya ujumbe kulikuwa na mahali pa kubonyeza nikaone picha na maelezo. Sikubonyeza. Binamu yake Caren alibonyeza kitu cha namna hiyo, na simu yake ikaanza yenyewe kuwaomba msaada washiriki wote wa kanisa, mchungaji akiwemo.

Ujumbe ule ulifika Jumanne saa nne asubuhi, na saa hiyo Omanga wako alikuwa njiani na gari hilo kwenda Homa Bay, akipeleka misumari, rangi na maboya ya wavuvi kutoka dukani kwangu. Wa pili ulifika Jumanne nyingine. Wa tatu, Jumanne tena. Nikajiambia kwamba mwanao ana ugonjwa wa Jumanne.

Nilimwita nikamuuliza. Alisema hajawahi kupita themanini, na akaniomba nifungue ule ujumbe tuangalie siku yenyewe ya kosa. Nikamjibu kwamba anataka nibonyeze, simu iingiliwe, na kesi yake ifie humo humo. Kisha nikampa trei ya mayai apeleke Sori, nione yatavunjika mangapi. Halikuvunjika hata moja. Nikashuku kwamba aliyapakata mapajani njia nzima. Siku iliyofuata nilimnyang'anya kazi mbele ya duka, wateja wakiwa wamejaa, na nikamwambia hatagusa hata toroli langu. Aliweka ufunguo juu ya kaunta polepole, akachukua sweta yake kwenye kiti cha nyuma, akaenda. Hakunijibu vibaya hata kwa neno moja, na hilo pia nililitilia shaka.

Sabato iliyofuata nilifundisha darasani juu ya uaminifu, nikatoa mfano wa kijana mmoja dereva. Jina sikulitaja. Lakini Migori ni mji mdogo, na waliogeuza shingo kutazama mahali anapokaa Omanga walikuwa wengi.

Nilimwajiri mzee mmoja wa Kehancha, Matiko, mtu wa pole, ambaye kuku wakilala barabarani yeye huzima gari na kungoja waamke. Hata hivyo niliapa kwamba hakuna dereva mwingine atakayenichezea, nikaamua kutafuta ile mashine ambayo vijana wa mjini wanaiita ya kunusa kamera.

Kuichagua kulinichukua wiki mbili. Kwanza nilipelekwa kwa Gisiri, anayeuza vitu vya magari kule mpakani. Alinitolea kijisanduku kisicho na jina wala karatasi, akasema kinaziba macho ya kamera kabisa, polisi anabaki anapapasa. Nilimuuliza kwa nini basi gari lake mwenyewe halina. Akasema ni mambo marefu. Niliondoka. Kisha mtoto wangu akataka kuniwekea programu kwenye simu, bure, lakini ilitaka kujua marafiki zangu wote, picha zangu zote na mahali ninapolala. Nikamwambia aifute na aoshe mikono.

Mwishowe nikafika kwa Levis, fundi wa umeme wa magari hapa karibu na stendi. Huyo alinieleza bila haraka. Alisema kile cha kuziba hataki hata kukigusa, maana kinaweza kumfunga aliyekiuza na aliyekinunua. Alicho nacho yeye hakizibi kitu: kinasikia mawimbi ya kamera mbele, kinamwonya dereva kwa sauti akiwa amezidi mwendo, na kinahifadhi kila safari, siku, saa, mahali na mwendo. Kusikia hilo la kuhifadhi, masikio yalinisimama. Kamera sikuziogopa sana, dada. Nilichotaka ni shahidi wa kumkalia Matiko kichwani.

Siku ya kufunga nilisimama mgongoni mwa Levis tangu mwanzo hadi mwisho. Alikibandika kwenye kioo cha mbele chini ya kile cha kuangalia nyuma, mahali ambapo waipa hazikizibi. Akapitisha waya ndani ya mpira wa kandokando ya kioo, akaushusha kwenye nguzo ya mlango hadi kwenye sanduku la fyuzi, akautafutia fyuzi inayopata umeme pale tu gari linapowashwa, ili betri isinyonywe gari likiwa limelala. Waya mweusi akaukaza kwenye bolti ya bodi baada ya kuikwangua rangi. Nilihesabu skrubu alizofungua, kumi na moja, na alizorudisha, kumi na moja. Aliniuliza kama nataka kumpekua mifuko. Nikamwambia haitakuwa lazima.

Yule mwanamke aliye ndani ya mashine alikuwa mpole wiki nzima. Matiko alisema hajamsikia kamwe, akadhani bado hajafika kazini. Ijumaa nikalichukua gari mwenyewe kama kawaida yangu, maana unajua Ijumaa ni siku yangu ya kuzungukia maduka ya Homa Bay, na hata enzi za Omanga yeye alikuwa akishuka hapo saa sita mchana kuja kwako, nami narudi Migori peke yangu. Jioni hiyo mama yule alianza kelele pale Rodi Kopany na hakunyamaza mpaka Awendo. Nikashuku Levis amenifungia mbovu. Kwenye kamera nilikuwa nafunga breki, nikishapita naendelea na safari yangu. Ijumaa ya pili nilipunguza sauti. Ya tatu niliizima kabisa, na Jumapili nikampelekea Levis mashine yake nikiwa nimekunja uso.

Aliiunganisha na simu yake, akanionyesha barabara zangu zote kwenye ramani. Jumatatu hadi Alhamisi mstari ulikuwa wa kijani mpaka unachosha macho. Ijumaa ulikuwa mwekundu kutoka Rodi hadi Awendo, kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili na nusu jioni. Ijumaa tatu, rangi moja. Levis alifuta mikono yake taratibu akaniuliza ni nani anayeendesha siku ya Ijumaa. Nikamwambia mashine yake ina kichaa, nikaondoka.

Nyumbani nilimweleza Caren. Alichukua simu yangu akabonyeza zile jumbe tatu, moja baada ya nyingine, mbele yangu. Simu haikuingiliwa na mtu yeyote. Zilikuwepo picha, na tarehe ya kosa ilikuwa imeandikwa juu ya kila moja: Ijumaa, Ijumaa, Ijumaa. Kumbe huwa zinachukua siku nne kunifikia. Katika ile ya tatu anaonekana dereva ndani ya kioo, peke yake, ameinama mbele kana kwamba anaisukuma Probox kwa kidevu, na kichwani ana kofia ya kijivu. Ni ile uliyonishonea wewe. Caren aliniambia kwamba wao wote nyumbani walikuwa wanajua siku zote, maana gari langu la Ijumaa likiingia uani unaweza kuchemshia chai juu ya boneti yake.

Niamini katika hili moja: nilipomwambia Omanga, siku ile niliyomhoji, kwamba mimi sijawahi kukimbiza gari, sikuwa nadanganya. Mwendo wa Ijumaa sikuwahi kuuhesabu kuwa mwendo. Wateja wananichelewesha, jua linashuka upande wa ziwa, na mimi mzee wa kanisa lazima niwe nyumbani nimeoga kabla ya Sabato kuingia. Nilidhani Mungu mwenyewe amenifungulia barabara. Watoto wa watu wanavuka pale Rongo jioni wakitoka shule, dada, na sikumbuki kumwona hata mmoja.

Sasa nimefika pale ninapopaogopa. Hayo ya juu unaweza kuyaita makosa. Hili si kosa la kutojua.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumatatu yake nilipigiwa simu na Madam Marcella, naibu mwalimu mkuu wa shule moja ya wasichana huko Homa Bay. Alisema Omanga ameomba kuendesha basi la shule, amepita majaribio yote, na kilichobaki ni neno la mwajiri wake wa zamani. Aliniuliza swali moja tu, kama kijana huyu ni mwangalifu wa mwendo. Picha ya kofia ilikuwa ndani ya simu hiyo hiyo niliyoishika sikioni. Nami nikasema kijana huyo ana mbio, na kwamba mimi binafsi nisingempa watoto wangu. Niliogopa kwamba nikimsafisha, ataniuliza kwa nini basi nilimfukuza, na habari itafika kanisani. Nilimuuza mwanao ili kofia yangu isianguke. Alinishukuru sana kwa ukweli wangu.

Nilikaa na neno hilo siku tisa. Jumatano Matiko alirudi kutoka Sori akaniambia amemwona Omanga ufukoni anabeba magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani, mabega yamechubuka. Omanga alikuwa amemuuliza jambo moja tu: kama nakumbuka kuongeza maji kwenye rejeta, kwa sababu inavuja na mimi si mtu wa kuangalia. Nilikwenda nikafungua kifuniko. Ilikuwa kavu. Nililia pale pale kando ya gari, na Matiko akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Ijumaa hii nilipofika Homa Bay sikuanzia kwa wateja. Nilikwenda shuleni nikamwambia Madam Marcella yote, pamoja na la simu. Alinitazama kwa jicho lile ninalowatazamia wengine. Alisema basi linaendeshwa kwa muda na mtu mwingine, na kwamba hawezi kubadilisha neno langu la kwanza kwa neno langu la pili. Anataka maandishi yenye saini yangu, anataka picha zile tatu, na anataka Omanga mwenyewe afike kwake Jumatano hii kabla ya saa nne asubuhi. Asipofika, kazi ni ya yule mwingine.

Kwa ajili hiyo nilitoka Homa Bay kwa kuchelewa kuliko siku zote. Jua lilinizamia Rongo. Niliegesha kwenye kituo cha mafuta nikaianza Sabato ndani ya Probox, katikati ya makopo ya rangi, kisha nikaenda nyumbani mwendo wa Matiko. Sauti nilikuwa nimeirudisha. Yule mama hakusema kitu njia nzima. Na jana kanisani nilisimama nikawaambia kwamba yule dereva wa mfano wangu ni mimi, na nikataja jina la Omanga ili wamwondolee zile shingo walizomgeuzia. Wengine walicheka. Wachache hawakucheka, na hao ndio walioniuma.

Omanga amebadilisha namba na hakumwachia mtu huku. Najua wewe unayo. Ndani ya bahasha hii utakuta picha tatu na karatasi niliyoisaini mbele ya Caren. Huna haja ya kumsomea barua hii, na huna haja ya kunisamehe kabla ya Jumatano. Mpe karatasi na picha tu, aende shuleni. Mimi naweza kungoja.

Nisalimie Baba Omanga, majirani wote na yule jirani yako wa cherehani. Caren anakutumia kitenge, kiko kwa Liz. Kifua ukikitunza nitafurahi. Kama utapenda kunipigia, nitapokea kabla haijaita mara ya pili, na nikiona kimya nitajua ni kwa nini, sitashuku mtandao.

Ni mimi mdogo wako,
dereva wa Ijumaa,

Elkana Ondieki